Kambare Mwenye Kandili

Likizo iliyopita mjukuu wangu aliyeko chuoni aliniuliza kama yawezekana maandiko matakatifu ya watu wa kale yalianza kama ngano za kuwatuliza watoto, watu wazima wakaja kuziamini. Nilimwambia katika mambo ya vitabu vya dini sitii mdomo wangu. Namwogopa Mungu, na wifi yangu, mshika dini kweli, namwogopa zaidi. Lakini kama anataka kujua ngano huchukua muda gani kupata waumini, hilo nalijua. Misimu miwili ya mvua inatosha.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mkata, Handeni. Nyumba zilipangwa kwa mistari, shule ilikuwa bado inaezekwa, na maji hakuna. Palikuwa na kidimbwi kimoja tu kando ya shamba la kijiji, kinajaa masika na kubaki tope kiangazi. Mama zetu walipokuwa wakilima, sisi watoto tulishinda pale tukichimba udongo wa kufinyangia ng'ombe, na bibi yangu mzaa mama ndiye aliyeachiwa kutuangalia. Bibi alikuwa mnene, magoti yanamsumbua, kutukimbiza hawezi. Basi siku moja, huku akimenya mihogo, alituambia kwamba chini ya tope lile anaishi kambare mkubwa mwenye kandili kichwani. Mtoto akisogea peke yake, kambare humulika, akamvuta, akampeleka kuchunga samaki wake milele. Tena, akaongeza akiyatazama magauni yetu, hapendi kabisa kuchimbwachimbwa. Ole wake atakayetia jembe pale.

Tulimwogopa kambare kwa raha zetu zote. Tulimtembeza nyumba hadi nyumba, kila mmoja akimrefushia sharubu. Kufikia masika ya pili wanawake wazima walikuwa wakipita kidimbwini wanatoa shikamoo. Mmoja akaanza kuacha unga kidogo ukingoni, mwingine akapiga marufuku nguo nyekundu. Mzee mmoja aliyehamia kutoka Kerenge alisimulia jinsi babu yake alivyomwona kambare yule kwa macho yake, na hakuna aliyeuliza babu wa Kerenge alifikaje kwenye kidimbwi cha Handeni. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu.

Kicheko kilikwisha kiangazi kilipofuata. Mama alikuwa mjamzito, naye na wenzake walitoka alfajiri kufuata maji mbali, wakarudi na madebe kichwani jua limekwisha kuwa kali. Jioni nilikuwa nikimkanda shingo, na bibi ananitazama. Hapo mwenyekiti wa kijiji akaamua kidimbwi kichimbwe kiwe lambo, ili mvua zikinyesha maji yakae. Likagongwa rimu la gari lililokuwa kengele yetu, watu wakaja na majembe, wakasimama. Hakuna aliyeinua lake. Mwenyekiti alisema serikali haimtambui kambare yeyote, ila jembe lake mwenyewe alikuwa ameliegemea tu.

Ndipo bibi akajitokeza mbele ya watu.

"Jamani, huyo kambare nimemtunga mimi. Nilitaka wajukuu wasizame, tena wasichafue nguo. Chimbeni, mwanangu anaumia na debe."

Mzee wa Kerenge alimjibu kwa upole, kama anayesema na mgonjwa. "Hukumtunga, mama. Umeoteshwa."

"Nimeoteshwa na nani? Nilikuwa macho, namenya mihogo."

"Basi huja hivyo hivyo."

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mwanamke mmoja akathubutu hata kumsahihisha bibi, kwamba kandili haiko kichwani bali iko mkiani. Huyo nilimchukia, na sina hakika kama nimemsamehe. Bibi alirudi nyumbani amefura, akimwomba Mungu msamaha njia nzima, na majembe yakarudi nyuma yake bila tope.

Jioni, baada ya kula, alituita sote barazani. Akatuambia kambare amehama. Naye amefikiwa na agizo la kuhama kama watu wote. Amefunga virago, amebeba kandili yake, amepita chini kwa chini hadi Mto Pangani, pale Hale penye mitambo ya umeme, ambako serikali imempa kazi ya kuwasha taa. Tope lake ameliacha kwa ruhusa, anayetaka achimbe.

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa na habari hiyo, kazi yetu hiyo. Mzee wa Kerenge alikwenda kukagua, akarudi akasema alama za kuburuzika ameziona, zinaelekea Korogwe. Mwenyekiti akapiga jembe la kwanza kwa ushujaa mkubwa. Masika lambo lilijaa, mama akajifungua salama, na shingo yake ikapona. Bibi hakumtaja kambare tena; alisema ameshamchosha.

Miaka mingi baadaye, bibi akiwa ameshafariki, nilipangiwa kufundisha Hale. Siku za mwanzo nilishuka mtoni na jirani yangu, mama mmoja muuza mboga. Alifungua pindo la kanga, akachota unga kidogo, akautupa majini. Nikamuuliza unga ule ni wa nani.

"Mle mna kambare," alisema. "Ni mgeni wetu, alitoka Handeni zamani. Taa zote unazoziona kwenye nyumba za wafanyakazi ni zake."

Nilifungua mdomo nimweleze. Nilitaka kumwambia kambare huyo ni wa bibi yangu, mnene, mwenye magoti mabovu, na kwamba mimi ni miongoni mwa waliomsambaza. Badala yake nikauliza anakula unga gani.

"Wa muhogo tu. Mwingine hagusi."

"Kwa nini wa muhogo?"

"Sijui, mwalimu. Ndivyo tulivyoambiwa."

Nilicheka, na machozi yakanitoka papo hapo, naye akanitazama kwa wasiwasi. Nikakinga kiganja, akanigawia. Niliutupa unga majini nikasema shikamoo, na si kambare niliyekuwa nikimwamkia.