Gunia la Uzi Mwekundu

Watu wa Mutsamudu wakimtaja mjomba wangu Mouhidine husema, "Mungu amrehemu, alikuwa mwaminifu." Mimi nikisikia hivyo huinuka nikaenda zangu, maana nikikaa nitatoa neno. Mwaminifu! Huo uaminifu wake ndio uliokula ujana wangu.

Alikuwa ndugu wa tumbo moja na mama yangu, Moinaidi, mtu wa Itsandra, pale karibu na Moroni. Mwaka 1951 alivuka kwenda Mutsamudu, kisiwa cha pili, akapata kazi bandarini ya kukagua mbata, zile nazi kavu zilizopelekwa Ulaya kukamuliwa mafuta. Hakuwa na chombo cha kupimia. Alizamisha mkono mpaka chini ya gunia, akachomoa kipande, akakivunja karibu na sikio. Kikilia ka! gunia linapita. Kikipinda kimya, linarudi kwa mwenyewe, kwani mbata mbichi huota ukungu na kuharibu shehena nzima. Siku hizo ghala lilijaa mpaka kwenye boriti, na wakulima walimwogopa kuliko hakimu.

Kisha mambo yakaharibika polepole. Panya walitoboa nazi mitini, minazi ikazeeka, na Ulaya wakapata mafuta mengine ya bei rahisi. Meli zikawa mbili kwa mwaka, halafu moja. Watu wakakata minazi wakapanda mlangilangi wa manukato. Mama hakukata yake. Kwetu binti haolewi bila nyumba, na nyumba huijenga mama na nduguze wa kiume. Kuta zangu zilikuwa zimeshasimama, paa ndilo lililosubiri pesa za mbata. Mchumba wangu, Rachadi, naye alisubiri, ila watu wake walishaanza kunung'unika.

Mbata zetu tulizianika kwenye majabali meusi ya pwani. Mamluki wa Kizungu waliingia nchini mwaka 1978, na mwaka 1986 askari wao wakayataka majabali yale. Wakazungusha seng'enge, wakatufukuza kwa mitutu ya bunduki. Mama akahamishia mbata jikoni, akazikausha kwa moshi wa makumbi. Na mvua ya mwaka ule, jamani, haikukatika! Za juu zilikauka, za chini wapi. Meli ya mwaka ilikuwa imeshafika Mutsamudu.

Nikamwambia, "Mama, mpelekee mjomba habari. Mweleze yaliyotupata."

"Nimwombe? Ndugu yangu mwenyewe? Aibu gani hiyo!" Akashona midomo ya magunia kumi na mawili kwa uzi mwekundu, uzi uleule aliomdarizia kofia tangu ujana wao. "Akiuona huu atajua ni mimi. Mwanamume hapasui gunia la dada yake mbele za watu."

Mimi ndiye niliyevuka na magunia. Mjomba akauona uzi. Nilimwona akiuona, vidole vikasita. Lakini mchukuzi mmoja, Boina, akaangua kicheko, "Haya, leo ni mbata za nyumbani, zitapita tu!" Loo, ulimi wa Boina! Mjomba akatoa kisu, akaukata uzi, akazamisha mkono mpaka kwapani. Kipande kikapinda. Akayafungua yote kumi na mawili, na hakunitazama hata mara moja.

"Yarudi," akasema.

Yalifika Moroni yananuka, tukayamwaga baharini. Meli ile haikuja tena. Rachadi akaoa kwingine, kijijini Mvouni. Mama akafa baada ya miaka miwili, na muda wote huo hakulitaja jina la nduguye.

Mwaka 1989, mamluki walipokuwa wakiondoka, nilikutana mjini na Elamine, aliyekuwa karani wa ghala la Mutsamudu. Akanisimulia kwa nia njema, masikini. Kumbe wanunuzi waliacha kuuliza ubora wa mbata tangu mwaka 1980! Kavu na mbichi zote zilikwenda kwenye sabuni, bei moja. Mzee Mouhidine walimwacha aendelee kukagua kwa kumstahi tu.

Nilivuka kwa boti ya kwanza. Mjomba alikuwa kitandani kwake, mtaa wa Hombo, amebaki mifupa. Nikamwambia yote, sikubakisha. Mtasema nilimkosea adabu mgonjwa. Nilimkosea, ndiyo.

"Najua, mwanangu," akasema. "Elamine aliniambia zamani, kabla ya magunia ya mama yako."

"Ulijua? Na ukapasua?"

"Miaka thelathini na mitano nimewarudishia watu magunia yao. Wajane. Mayatima. Ningepitisha ya dada yangu, hao ningewaambia nini?"

Akahema, akageuza uso kunitazama.

"Paa lako limeezekwa?"

"Bado, mjomba."

"Na mvua?"

"Inaingia."

Machozi yakamtoka, akashindwa kuyafuta. Uji wake ulikuwa unapoa kando ya kitanda. Nikachukua bakuli nikamlisha, maana alikuwa mjomba wangu na hapakuwa na mwingine. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira, na yeye alikuwa anameza.