Mbuzi wa Jirani na Mmea wa Chupani

Mume wangu aliuleta mmea ule nyumbani umefungwa kwenye gazeti kama samaki. Yalikuwa mashina matatu ya kijani yenye pingili, na majani membamba kileleni. Alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi, katika shamba la Mgiriki mmoja nje kidogo ya Kimamba. Mke wa meneja alikuwa amepogoa mmea wake wa sebuleni, na mpishi wao akaokoa vipande vilivyokuwa vinakwenda jalalani.

"Tia kwenye maji tu," mume wangu alisema. "Hautaki udongo."

Nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, na kwetu Msowero sikuwahi kusikia mmea usiotaka udongo. Siku hizi wajukuu zangu wanauita mwanzi wa bahati na kuununua mjini. Sisi tuliuita mwanzi basi. Nikautia kwenye chupa ya jamu, nikausimamisha kwa kokoto za kando ya reli, nikauweka dirishani apate kuuona kila mpita njia. Wiki mbili hazikupita, majani yakawa ya manjano.

Aliyeuokoa ni jirani yangu pale kambi ya wafanyakazi, mama mmoja mtu mzima kutoka Kilimanjaro, mke wa mnyapara.

"Jua linauchoma, mwanangu," aliniambia. "Na maji ya bomba la hapa yana chumvi. Kinga ya mvua, uyabadilishe kila wiki. Tena huu si mwanzi. Ni ndugu wa masale yetu."

"Masale ndiyo nini, mama?"

"Mmea wa kwetu. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake. Hata awe na hasira vipi, hakatai."

Nikauhamishia juu ya kasha la nguo, karibu na mlango, penye mwanga bila jua. Ukashika rangi. Mizizi myekundu ikachomoza chupani, nami nikawa naichungulia kila asubuhi kabla hata ya kuwasha moto.

Siku moja nilikwenda bombani nikaacha mlango wazi. Niliporudi, mbuzi wa yule jirani alikuwa ndani, miguu ya mbele juu ya kasha, anatafuna taratibu kama mgeni aliyekaribishwa. Mashina mawili hayakuwa na vichwa. Nilimfukuza kwa mwiko, nikapiga kelele: "Mbuzi hana adabu, kama mwenyewe!"

Mwenyewe alikuwa uani, anaanika mahindi. Alisikia kila neno.

Kwa siku nne nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia "marahaba" huku akitazama kwingine. Yule alikuwa sawa na mama yangu, na hakuna mwingine aliyenijali pale kambini. Siku ya tano nilikata jani moja kwenye shina lililobaki, nikajitanda kanga, nikaenda kupiga hodi.

"Shikamoo, mama. Nimekosa." Nikamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Alilitazama, akanitazama, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

"Hili silo masale!"

"Si ulisema ni ndugu yake?"

"Ni ndugu yake, ndiyo. Basi na ndugu hakataliwi. Ingia, chai ipo."

Baada ya mwezi, kila shina lililoliwa lilitoa machipukizi mawili ubavuni. Mama yule akadai mbuzi wake alipwe kwa kazi ya kupogoa. Nilimpa chipukizi moja, na wanawake wengine wa kambi wakaja na chupa zao.

Ilipofika Krismasi, mbuzi mwenyewe zamu yake ilifika. Mama alimwita mume wangu ndiye amchinje, kwa kisu chetu na kwa bismillahi, ili na sisi tule. Nililetewa paja zima. Nililipika kwa nazi, na nakiri sikuona huruma hata kidogo.