Neno la Siri Lililopita kwa Foni

Musinicheke mbele sijamaliza. Miye njo nilikuwa ninachunga neno la siri la kompyuta ya hospitali yetu, Masisi, lile linalofungua kila kitu. Ukiliandika mu skrini nyeusi, haionekane hata herufi moja. Basi nikachagua la moyoni.

Vita ikafunga barabara nikiwa mu kijiji cha Ntoto, mbali na hospitali. Mwenzangu akaniita kwa foni, ile redio yenye vijiji vyote vinasikiliza. "Kaka, mashine imekataa, wagonjwa wanangojea dawa. Utupe neno!"

Nikaomba wengine wote wazibe masikio. "Tumeziba," wakajibu. Nikalisema polepole: "Nitaoa-Furaha-wa-Papa-Anselme."

Kisha Papa Anselme mwenyewe, mwenye duka la Kalembe, akaingia: "Masikio iko imezibwa, kijana. Mbuzi utaleta siku gani?"