Jumapili Nassoro Alipokuja Kunirekebishia Televisheni

Mimi si mtu wa kuona vitu. Nimelelewa Machame, kwenye nyumba ambayo ukianza kuzungumzia majini mama anakuuliza kama umekula. Sinywi pombe. Siku ile nilikuwa nimelala vizuri, nimetoka ibada ya kwanza, tumboni nina chai na chapati mbili. Nayasema haya mapema kwa sababu najua utakachoniuliza. Na haikuwa usiku wala makaburini. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, Kariakoo, dukani kwangu. Ukitaka kuamini, amini. Mimi nilikuwepo.

Kwanza nikwambie Nassoro alikuwa nani.

Alikuwa rafiki yangu. Kwao ni Waarabu wa Upanga, na baba yake alikuwa na duka la vifaa vya umeme Mtaa wa Sikukuu. Sisi tulikuwa ng'ambo ya barabara, duka la mabegi la mjomba wangu. Tulijuana tukiwa vijana wa miaka kumi na saba, tukibishania mpira mpaka wateja wanatunyamazisha. Aliniita Mangi, kama Dar nzima inavyomwita Mchaga yeyote mwenye duka, ila yeye alilitamka kama jina nililobatizwa nalo.

Juu ya duka lao kulikuwa na stoo. Baba yake alituachia televisheni mbili za aina moja, tukatafuta mashine mbili za gemu, tukaziunganisha kwa waya. Gemu la mpira. Kila mtu alikaa mbele ya televisheni yake, tumepeana migongo, tunacheza mechi moja. Kila jioni baada ya kufunga maduka tulikuwa huko. Mwanzoni nilimfunga nilivyotaka. Sijisifu, yeye mwenyewe alikiri. Watu walikuwa wanapanda ngazi kuja kuangalia vidole vyangu.

Halafu vidole vikaanza kuchelewa.

Nielewe vizuri. Nabonyeza pasi, mchezaji anakaa kidogo ndipo anatoa. Nabonyeza shuti, beki ameshafika. Ni muda mdogo sana, hata kope haijashuka, lakini mchezaji wa gemu anaujua kama mpishi anavyojua chumvi. Mtu mwingine angesema nimechoka. Mimi nilikuwa na sababu ya kuogopa.

Baba yangu alikufa akitetemeka. Alikuwa fundi cherehani, na ilimwanza vidoleni. Nilikuwa mdogo aliponiambia, "Mwanangu, vidole vyangu siku hizi havinisikii. Vinanijibu baadaye." Miaka sita mbele mama alikuwa anamlisha uji kwa kijiko.

Nilimweleza Nassoro. Nililia mbele yake, mtu mzima. Akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja, akasema, "Pole, ndugu yangu. Nenda hospitali." Nikaenda. Daktari akanigonga magoti, akaniambia nifumbe macho niguse pua, akasema sina kitu. Je, baba yangu naye hakuambiwa hivyohivyo mwanzoni? Nikarudi stoo, nikakaa mbele ya televisheni ileile, nikachelewa vilevile.

Utasema, mbona hukujaribu mahali pengine? Kaka, dada, woga haupimi. Ukishaamini unaumwa, hata kikombe kikigonga sahani unajua ni mkono wako.

Nilikuwa na mchumba, Neema, mwalimu wa chekechea Ilala. Posa ilishapelekwa. Nikawaza, nimchukue mtoto wa watu aje anilishe uji? Nilishindwa kumwambia mwenyewe kwamba naghairi. Nassoro ndiye aliyekwenda. Alirudi akasema, "Amelia, lakini ameelewa." Kulikuwa pia na mashindano, kila mtaa unatoa mchezaji mmoja, na wetu nilikuwa mimi. Nikamwachia Nassoro nafasi. Akaenda, akatolewa siku ya kwanza.

Sikupanda tena zile ngazi. Hatukugombana. Tuliachana kama watu wanavyoachana mjini: leo salamu ya mkono, kesho ya kichwa, keshokutwa mimi nimefungua duka langu mtaa mwingine na kubadilisha laini ya simu. Ikapita miaka tisa. Mashine yangu ya gemu niliiweka kwenye boksi chini ya kaunta, sikuweza kuiuza wala kuitupa. Na kila asubuhi nilinyoosha vidole mbele ya kioo kuangalia kama vimeanza.

Sasa, Jumapili ile. Mtaa wetu siku hiyo huwa umepoa, maduka mengi yamefungwa. Nilikuwa nimepandisha geti nusu, napanga mabegi ya shule. Televisheni ya dukani ilikuwa imewaka, haina sauti. Nikahisi mtu ameinama anaingia. Nikageuka. Nassoro.

Amevaa kanzu nyeupe, mpya. Amekonda. Kulikuwa na harufu ya karafuu maiti, na nakuapia, nilichowaza ni kwamba kanzu imekaa muda mrefu sandukuni. Kila ninayemsimulia ananiuliza miguu. Miguu ilikuwa ya mtu! Kandambili za bluu, kucha zimekatwa. Sikuona kwato.

"Nassoro! Mambo vipi?"

Akanitazama tu. Nikadhani amenikasirikia. Nikaendelea, "Karibu, kaa, umepotea sana."

"Poa, Mangi," ndipo akasema.

Ikawa hivyo mazungumzo yote. Nauliza, kimya, halafu jibu linakuja mimi nimeshafika kwenye swali lingine. Kama unaongea na mtu aliye ng'ambo kwa simu mbovu. Nilimfungulia soda, hakuigusa. Nikamuuliza habari za mama yake, akanijibu, "Ahsante, sina kiu."

Kisha akasema, "Ile mashine bado unayo?"

Sijui kwa nini nilitii. Nililitoa boksi, nikapangusa vumbi, nikachomeka kwenye televisheni ya dukani. Padi mbili, nikampa moja. Tukaanza kucheza, wote kioo kimoja.

Nikabonyeza pasi. Mchezaji akakaa kidogo ndipo akatoa.

Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Miaka tisa nilijidanganya labda umepita, kumbe ugonjwa uko palepale unanisubiri. Nikaiweka padi chini. "Nassoro, siwezi. Unajua hali yangu."

Safari hii hakukawia sana. Alikuwa anakiangalia kioo, mimi hanitazami.

"Chukua rimoti," akasema. "Ingia kwenye mipangilio. Sehemu ya picha. Imeandikwa nini?"

Nikaangalia. "Sinema."

"Toa sinema. Weka gemu."

Nikaweka. Picha ikawa mbaya, rangi zimepauka, makali yanachoma macho.

"Shuka chini zaidi. Kuna ya kulainisha mwendo wa picha. Zima. Inayofuata, ya kusafisha chengachenga. Zima nayo. Sasa cheza."

Nikachukua padi. Nikabonyeza.

Rafiki yangu, nisikilize. Mchezaji aliondoka na kidole changu. Hakufikiria, hakusubiri. Nikapiga chenga, nikapiga shuti, wavu ukatikisika. Nikarudia. Nikarudia tena. Vidole vyangu vilikuwa vizima kama siku ya kwanza. Nilicheka kwa sauti peke yangu kama mwehu. Nassoro naye alikuwa anabonyeza, lakini wachezaji wake walisimama kwanza, ndipo wanakwenda pale mpira ulipokuwa zamani.

"Mbona wewe ndiye unachelewa?" nikamtania.

"Kwangu siku hizi kila kitu kinafika kimechelewa," akasema. Sikulielewa neno hilo.

Nikamuuliza hii modi inafanya nini hasa. Akanieleza polepole. Televisheni ukiiacha kwenye sinema, kila picha inayoingia inaipamba kwanza, inairemba rangi, inailainisha, ndipo inakuonesha. Kwa anayetazama filamu ni raha. Anayecheza gemu anaoneshwa jambo lililokwisha kutokea. Ukiweka modi ya gemu haipambi tena, inakupa kama ilivyo.

Kicheko kikanikauka mdomoni. Nadhani wewe umeshaelewa. Mimi ilinichukua muda, kwa sababu moyo haupendi kwenda kule.

"Kule stoo," nikasema, "televisheni yako ilikuwa kwenye nini?"

Jibu hili ndilo lililochelewa kuliko yote.

"Gemu."

"Na yangu?"

"Nilikubadilishia mimi. Nilitaka nikufunge mara moja tu, Mangi. Mara moja, watu waone. Nikakufunga, nikasema kesho nitairudisha. Kesho ukaja na habari za vidole vya baba yako. Ningeirudisha, ungejua ni mimi. Ningekwambiaje?"

"Ungeniambia!"

"Ulikuwa umeshalia."

"Ulinituma hospitali, Nassoro."

Akaigeuza padi mikononi.

"Ulikwenda kwa Neema. Kwa miguu yako. Ulikaa kwao, ukanywa chai yao, ukamwambia nimeghairi. Na ulikuwa unajua!"

Akainamisha kichwa. "Nimekuja unisamehe," akasema. "Sina nafasi nyingine."

Nikwambie ukweli, kama angekuwa mwizi aliyenivunjia duka ningempa maji ya kunywa. Lakini huyu alinishika mkono. Aliutazama mkono mzima, anajua ni mzima, akasema pole. Miaka tisa nimeishi kama mtu aliyehukumiwa, na karatasi ya kuniachia huru iko mfukoni mwa rafiki yangu.

"Toka," nikamwambia. "Toka dukani kwangu. Sikusamehe, si leo, si siku ya mwisho. Toka!"

Alibaki amekaa, ananitazama, kama hajasikia. Kisha nikaona maneno yanamfikia. Uso ulimbadilika taratibu, kama mtu anayemwagiwa maji ya baridi kutoka utosini kwenda chini. Akaiweka padi juu ya kaunta kwa adabu, akainama chini ya geti, akatoka. Sikumfuata.

Jumatatu asubuhi jirani yangu Mzee Abeid, anayeuza vitambaa duka la tatu kutoka langu, alikuja na kikombe chake cha kahawa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole na msiba, mwanangu."

"Msiba gani?"

"Hukuambiwa? Nassoro wa Sikukuu. Figo. Amehangaika nazo karibu mwaka mzima. Tumemzika Ijumaa baada ya swala. Msibani nimesikia alikuwa anakuulizia sana, lakini namba yako ya zamani haipatikani."

Nikamwambia mzee anakosea, Nassoro alikuwa hapa jana, kakaa kwenye kiti kile. Mzee Abeid akakitazama kiti, akaiweka kahawa chini bila kuinywa.

"Jana nilipita hapa," akasema. "Nilikusikia unafoka, toka, toka. Nikachungulia, uko peke yako. Nikajua unafoka na simu."

Sikufungua duka siku ile. Nilitembea kwa miguu mpaka Upanga, ghorofa ya pili, kwa mama yake. Wanawake wengi walikuwa wamekaa kwenye mikeka. Mama Nassoro alinijua hapohapo, akanikalisha karibu yake.

"Siku tatu kabla hajaondoka hakulala," akaniambia. "Kila saa, Mangi yuko wapi, nina neno lake. Kabla jeneza halijatoka hapa tukaomba, kama kuna aliyekosewa naye amsamehe. Watu wote wakaitikia. Mimi nikawa nakutafuta wewe kwa macho. Ni neno gani lile, mwanangu?"

Ungemjibuje? Ungemwambia mama aliyefiwa juzi tu kwamba mwanawe alinizika nikiwa hai? Nikasema sijui, labda mambo ya utotoni.

"Basi lolote lile, msamehe."

"Nimemsamehe, Mama."

Mdomo ulisema. Ndani hakukuwa na kitu. Akanitazama sana, akanipapasa mkono, mkono huuhuu, akasema, "Mungu akubariki."

Ni mwaka wa pili sasa. Vidole vyangu ni vizima, na uzima wenyewe ndio unaoniuma. Neema ameolewa Arusha, ana watoto wawili, sikumtafuta. Ningemwambia nini? Kwamba sikuwa mgonjwa, ilikuwa televisheni? Nikiwa peke yangu dukani nawasha ile mashine na kucheza dhidi ya kompyuta. Padi aliyoishika yeye bado ina ile harufu, na nimeisafisha kwa spiriti mara sijui ngapi.

Nassoro hajarudi kwangu. Anakwenda kwa mama yake. Mama huota yuko mlangoni na ile kanzu, amesimama, anaambiwa pita, hapiti. Kila akiota ananipigia. "Mwanangu, ulimsamehe kweli?" Nami namjibu, "Ndiyo, Mama." Halafu nakata simu, nakaa natazama ukuta. Nimesali. Nimekwenda kwa mchungaji. Nimejaribu kulisema neno lile kwa sauti nikiwa chumbani peke yangu, na linatoka kavu kama makapi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu umemfanyia jambo, na yeye anadhani ni mwili wake umemgeuka, au ni bahati yake mbaya, au ni Mungu, nenda kamwambie leo. Nenda ukiwa na damu mwilini, akutukane, akuzabe kibao, yaishe. Usidhani utapata nafasi baadaye. Nafasi unaweza kuipata kweli. Nassoro aliipata. Ila utafika kwa mtu ambaye moyo wake umeshafunga.

Asubuhi hii simu imeita tena. Ni Mama Nassoro. Nimeiangalia mpaka ikakatika.