Neno "Itoshe" na Picha za Mzee Muhanna

Zamani, mtu wa mtaa wa Ngagara akitaka picha ya heshima alioga, akajipaka mafuta, akashuka mjini kwa Mzee Muhanna, mpiga picha. Tai ilikuwa moja tu, ya studio, ikining'inia msumarini. Mabwana harusi wote wa miaka ile waliivaa hiyo hiyo. Pascaline naye alipigwa picha pale siku ya komunyo yake ya kwanza, mama yake akiwa nyuma ya kamera, anamwonyesha kwa kidole: inua kidevu.

Mzee Muhanna amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Binti yake Basma alibaki na masanduku ya negatifu, na mwenye nyumba alitaka chumba chake cha studio arudishiwe Jumamosi. Filamu zenyewe zilikuwa zimeanza kunuka siki, dalili ya kuoza.

"Zikishaingia mu kompyuta, mi natupa," alisema Basma. "Gari ya taka izipeleke jalalani Buterere, nipumue."

Kazi ikaja kwenye ofisi ndogo ya Régis, ambako Pascaline ameajiriwa. Filamu zikapitishwa kwenye skana, zikawa faili, na zenyewe zikarudi kwa Basma. Régis alikuwa ametengeneza programu ya kukagua faili, inayosema kila moja kama ni nzima au imekatika. Ila anayeiendesha si mtu. Ni wakala wa akili bandia, mashine inayosoma maelezo kisha inafanya kazi yenyewe mpaka mwisho. Maelezo hayo aliyaandika Pascaline, kwa Kiswahili, maana Régis alitaka hata wafanyakazi wake wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, wayaelewe.

Aliandika kama alivyosemeshwa nyumbani. Marehemu mama yake, mzaliwa wa Uvira, alikuwa akikaa barazani na ungo mapajani, anapeta mchele, na neno lake kutwa lilikuwa moja. Tosha majiwe. Tosha sufuria ku moto. Tosha viatu, hii ni nyumba ya watu. Basi Pascaline akaandika: "Faili nzima, iache. Faili iliyokatika, itoshe."

Ijumaa asubuhi wakala akaleta ripoti: faili zote ziko tayari kukabidhiwa. Pascaline akampigia Basma simu, kwamba kesho anaweza kutupa.

Kisha hamu ikamshika, akaitafuta picha yake ya komunyo. Shela ilikuwapo, paji la uso likawapo, macho yakawapo. Kuanzia puani kushuka, kijivu kitupu. Akafungua nyingine. Bwana harusi na tai yake, bibi harusi hana mikono. Akamwita Régis.

"Shefu, programu yako haioni."

Régis akavuta kiti. "Apana, imeona. Angalia, imeandika 'imekatika'. Ni wakala ndiye ameziachia."

Wakamuuliza wakala sababu. Jibu likaja kwa adabu: "Maelezo yanasema faili iliyokatika itoshe. Nimeelewa kwamba, ingawa imekatika, inatosha."

Régis alicheka mpaka akavua miwani. "Ye amesomea Kiswahili cha Unguja, we umemuandikia cha kwa mama yako. Kwenu 'tosha' ni ondoa, kwake 'itoshe' ni iwe ya kutosha."

"Mama yangu alisema vizuri. Mu nyumba yetu hakuna mutu alivunjika jino."

"Sijasema vibaya. Ila mashine haikukaa mu baraza yenu."

Pascaline alikuwa ameshashika simu, anampigia Basma. "Mama Nawaf, usitupe."

"Gari nimeshaiita, dada."

"Iambie isubiri. Nakuja na skana."

Kabla ya kutoka alirudi kwenye yale maelezo. Kidole kilisita juu ya neno lile, maana siku hizi hakuna tena anayemwambia hivyo. Akalifuta. Akaandika: "Faili iliyokatika, iondoe kwenye folda ya kukabidhi, iweke pembeni, utaje jina lake." Safari hii wakala akazitaja zilizokatika zote, na hazikuwa chache.

Mchana kutwa walizipitisha upya kwenye kile chumba cha studio. Basma alifuta kila filamu kwa kitambaa cha pamba, akiwasimulia waliomo: huyu aliuza vitenge sokoni, huyu alikwenda Maskati akaolewa huko huko, huyu alikopa kanzu ya baba hakuirudisha. Picha ya komunyo ikatoka nzima, na kidevu kimeinuliwa.

Ukanda mmoja tu ulikuwa umegandana. Ukatoa faili nyeusi tii. Programu ikasema ni nzima, na kweli haikukatika, ila ndani hamkuwa na mtu. Juu ya kopo lake Mzee Muhanna aliandika kwa mkono wake: nyumbani.

Basma alilishika kopo hilo, akafuta vumbi juu ya maandishi.

Pascaline akafungua maelezo, akaongeza mstari: "Faili nzima isiyo na kitu ndani, usiipitishe, usiifute. Uliza mutu."

"Andika 'mtu'," alisema Régis kwenye simu, akiyasoma kule ofisini.

"Hiyo ataelewa, shefu. Iache."

Jumamosi gari ya taka ikabeba masanduku na filamu zilizokwisha kupita. Wakala aliuliza kuhusu ile faili nyeusi, na Basma akajibu kwamba ibaki. Kopo lenyewe alilitia kwenye mkoba wake, akafunga mlango, akampa mwenye nyumba ufunguo.