Sumaku Iliyooshwa kwa Maji ya Kisima

Kazi yangu ni kutandaza metali nyembamba juu ya sumaku isiyopitisha umeme, kisha kupima jinsi sumaku hiyo inavyousumbua mkondo unaopita kwenye metali jirani. Watu wakiniuliza nilianzia wapi, hudhani nitataja chuo kikuu. Wapi! Nilianza kwa ubishi, darasani Msambweni, mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili.

Mwalimu wetu wa fizikia, mtu wa bara, alikuwa akichagua watakaoendelea na somo lake mwaka unaofuata. Wasichana tulikuwa wanne, na sote alitaka tuhamie sayansi ya nyumbani. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba sumaku nyeusi ya spika haipitishi umeme. Akacheka.

"Sumaku ni chuma, na chuma hupitisha. Ijumaa niletee yako. Sindano ya mita ya umeme ikisogea, wewe na wenzako mnakwenda jikoni."

Jikoni! Nilikasirika mpaka nikakosa usingizi. Huyu alidhani jikoni ni mahali pa kutupa watu.

Sumaku niliibandua kwenye spika ya redio iliyokufa. Baba, mpishi wa hoteli Diani, aliniletea karatasi ya alumini wanayofungia samaki. Nikapanga alumini, sumaku, alumini, kama mkate na siagi katikati. Nyumbani nilijaribu kwa betri na balbu ya tochi, na balbu haikuwaka.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mama ameifungua ile kazi yangu na kuiosha sumaku. Kwetu Munje kitu cha kupelekwa mbele ya watu hakitoki nyumbani kichafu. Alikuwa ameisugua kwa maji ya kisima, akaifunga kwa kitambaa ingali na unyevu. Nikamwambia ahsante, nikaondoka mbio.

Darasani niliirudisha kati ya alumini, na mwalimu akaunganisha nyaya mwenyewe. Sindano ikasogea. Si sana, lakini ilisogea, na wavulana wakaanza kupiga madawati, "Jikoni! Jikoni!" Msichana aliyekaa nyuma yangu alikwisha kuinamisha kichwa. Mwalimu akanyoosha mkono aitoe sumaku mezani.

Nikaiwahi. Nilikuwa na hasira tu, lakini ile sumaku ilikuwa bado inateleza kwa maji, na hapo nikamkumbuka mama. Nikailamba.

Darasa zima lilicheka. Ilikuwa na chumvi, chumvi ile ile ya kisima chetu, ambayo hata chai yetu ilikuwa nayo.

"Ina chumvi, mwalimu. Umeme umepita kwenye maji, haukupita kwenye sumaku."

"Kaa chini."

"Sikai."

Nilitoka nje bila ruhusa. Nikaisuuza kwa maji ya mvua ya tangi la shule, nikaipangusa kwa mtandio wangu, nikaiweka juani dirishani, nikasimama nayo. Mwalimu alinitishia fimbo. Nikamwambia anichape sumaku ikishakauka. Mpaka leo sijui ulimi ule niliutoa wapi.

Ilipokauka nikaipanga tena. Sindano haikutikisika. Mwalimu akasema betri imekwisha. Nikatoa sumaku, nikagusanisha zile alumini mbili kidogo tu, na sindano ikaruka hadi mwisho. Nikairudisha sumaku katikati. Sindano ikalala.

Mwalimu akaigonga mita kwa kidole, sindano ikabaki pale pale.

"Haya," akasema. "Wewe utabaki na fizikia. Kaa."

Niliwatazama wenzangu watatu. Yule wa nyuma alikuwa ameinua kichwa.

"Ulisema mimi na wenzangu, mwalimu."

"Nimesema kaa."

Nilitamani sana kukaa. Nikashika ukingo wa meza, nikabaki wima mbele ya darasa lote, na ile sumaku safi ya mama kiganjani, mpaka aliposema, "Na wao."

Hapo ndipo nilipokaa.