Masufuria ya Msiba Yamekauka Juani

Ujumbe uliingia kwenye simu wiki iliyopita nikiwa nakunywa chai. Yule mama wa Majengo aliyekuwa akitunza masufuria ya msiba ya mtaa mzima amefariki, na anazikwa leo baada ya adhuhuri, kule kwenye viwanja vipya nje ya mji alikohamia nyumba yake ilipobomolewa. Niliusoma wote mpaka mwisho. Kisha nikavaa kanzu, nikaita bajaji, nikamwambia dereva, "Majengo." Mpaka sasa sijui nilikuwa nafikiri nini. Niliposhuka nilikuta uzio wa mabati pale ulipokuwa mtaa wetu, na mbele yake wamesimama watu wa mtaa wetu wa zamani, huyu na mchele, yule na mkaa, kila mmoja katokea pembe yake ya mji. Mlinzi akachungulia. "Mnamtafuta nani?" Muuza vitumbua wetu wa zamani akajibu, "Tumekuja msibani." "Msiba gani, mama? Hapa hakuna nyumba." Tukatazamana. Ndipo tukakumbuka ujumbe ulisema viwanja vipya, tukakimbilia bajaji.

Kwa msomaji ambaye hakuishi pale, nieleze. Chumba cha uani cha mama yule kilijaa masufuria makubwa, miiko na majamvi, mali ya mtaa. Aliyefiwa hakuwa na haja ya kuomba, kwani kilio kikisikika tu, yeye keshafungua mlango wa chumba na kuwasha jiko la kupikia waombolezaji. Jirani yetu Mgogo, Mkristo, alipofiwa na mkewe, masufuria yalifika kwake kabla ya ndugu zake. "Masufuria hayana dini," mama alimwambia, "ila usinipikie kitimoto humo, nitakufuata!" Yule bwana alicheka huku machozi yakimtoka. Na ole wako urudishe sufuria lina masizi. "Wewe umeshamaliza kufiwa, siyo?" Angekusema mpaka ulirudishe bombani.

Wathamini walipokuja kupima nyumba zetu zibomolewe kupisha barabara, aliwauliza swali moja tu. "Wanangu, mkishatuhamisha, nikifa nani atanipikia?" Wakacheka, na sisi tukacheka, tukidhani ni utani wake wa kila siku. Tukapokea fidia, tukatawanyika, kila mtu akaenda alikopata kiwanja. Mimi si mpinga maendeleo. Barabara nazitaka, na nyumba yangu mpya ina maji mpaka jikoni. Lakini wale vijana walipima kuta, wakaandika milango na miti, na hakuna aliyejua kwamba kile chumba cha uani ndicho kilichokuwa kinatufanya majirani. Hata sisi hatukujua, ndiyo maana tulisaini haraka vile.

Tulipofika kwenye viwanja vipya, mama alikuwa keshazikwa. Masufuria yalikuwa yamepangwa uani, yamesuguliwa yakang'aa, makavu kabisa. Binti yake alinishika mkono. "Shikamoo, mjomba. Tumewangoja mpaka shehe akasema basi. Niliyatoa masufuria tangu alfajiri, nikijua mtakuja kupika." Nikamuuliza majirani wako wapi. "Walikuja wakatoa pole, wakarudi kwao. Hatujuani, mjomba. Waliobeba jeneza ni mafundi wa lile ghorofa pale, waliacha saruji yao wakaja. Jina la mama waliniuliza njiani." Nililia mbele za watu, na sioni haya kusema. Mwanamke aliyepika katika kila msiba wa Majengo amezikwa na watu wasiomjua, na hakuna aliyewasha hata jiko moja. Kisha binti akauliza, "Haya masufuria sasa nimpe nani?" Na kati yetu hakuna tena mwenye mtaa.

Jana jioni nilikwenda kupiga hodi kwa jirani yangu wa kushoto, mara ya kwanza tangu nihamie. Alitoka mbio, kitenge kimemlegea, macho yamemtoka. "Vipi, baba, kuna msiba?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Nimekuja kabla."